Magofu ya Noeli

Ni kazi kweli kumweleza mtu wa kwetu Kirua Vunjo, huku mlimani Kilimanjaro, kwamba umeshinda wiki kadhaa ukitengeneza kitu ili kiwe kimevunjika. Nilijaribu kumweleza mama. Nilijaribu kumweleza katekista, akaniuliza kama nimekula. Nilijaribu hata kwa mbuzi wetu, maana ndiye niliyekuwa naye kwenye kibanda cha nyuma nilikofanyia kazi hiyo, na yeye angalau alinisikiliza hadi mwisho ndipo akala kipande cha boksi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Biashara zilikuwa zimeruhusiwa, na kila mwenye chumba kinachotazama barabara alikuwa amekigeuza duka. Duka linataka bango, na bango linataka mtu wa kuliandika. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nilishuka sokoni Kiboriloni kila asubuhi na makopo yangu ya rangi ndani ya kikapu, nikaandika saluni, vipuri vya baiskeli, supu ya ng'ombe, halafu jioni nikapanda kurudi nyumbani nikiwa na rangi kwenye kucha na majivuno kichwani. Mimi nilijiona msanii. Kijijini waliniona kijana aliyemaliza kidato cha nne akaishia kupaka rangi.

Nilikuwa pia kitinda mimba. Kwetu, mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi, na mzazi aliye hai anabaki humo pamoja naye. Watu wa kwingine wakisikia hivyo husema nimependelewa. Hawajui kwamba ukirithi nyumba unarithi na nyufa zake.

Nyumba yenyewe baba aliijenga kwa fedha za kahawa, enzi ambazo kahawa ilikuwa kahawa. Mbele akaweka baraza, na baraza akaliwekea nguzo mbili za matofali, nene kuliko ilivyohitajika, ili anayepita njiani ajue hapa anaishi nani. Alipofariki tulimzika pale pale kihambani, kwenye shamba letu la ukoo, kati ya migomba, hatua chache kutoka barazani. Miaka miwili kabla ya Noeli ninayoisimulia, masika yalikuja vibaya, maji yakala udongo chini ya nguzo ya kushoto, nayo ikapasuka katikati na kuinamia upande wa kahawa. Nilikata gogo la mkaratusi nikaliegemeza hapo kwa muda. Huo muda ndio ulikuwa na miaka miwili.

Nguzo hiyo ndiyo iliyobeba boriti ya chumba cha mbele, na chumba cha mbele ndicho alicholala mama. Alikipenda kwa sababu akiwa kitandani alimsikia kila anayepita na kila anachosema. Mimi nililala chumba cha nyuma, ambako kuta zilikuwa nzima. Naandika hivi bila kujitetea, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Katikati ya Novemba kaka yangu, kifungua mimba, aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam na hakuwa amekuja Noeli kwa miaka minne, alituma kwa basi mfuko mmoja wa saruji na barua. Mama alinitaka niisome kwa sauti, kisha akanitaka niirudie. Kaka alisema anakuja sikukuu. Alisema saruji ni ya ile nguzo. Akamalizia kwamba akiikuta nguzo kama alivyosikia ilivyo, ataondoka na mama, akaishi naye Dar moja kwa moja, kwa sababu yeye hapati usingizi huko aliko akifikiria mama analala chini ya ile boriti.

Mama hakutaka kwenda. Alishawahi kukaa Dar wiki mbili, akarudi akisema maji ya kule yana ladha ya chuma na watu wananunua ndizi kwa kuhesabu moja moja kama dawa. Hapa alikuwa na ng'ombe wawili, alikuwa na jumuiya yake ya akina mama, na alikuwa na baba pale migombani. Aliikunja barua, akaitia kifuani.

"Umesikia," akaniambia. "Una wiki sita."

"Mama, wiki sita ni nyingi mno kwa nguzo moja."

"Miaka miwili nayo ilikuwa mingi," akasema, akaenda zake kukata majani ya ng'ombe.

Na kweli nilikusudia kuanza Jumatatu. Bahati mbaya, Padri alikuja Jumapili.

Padri wetu alikuwa mtoto wa huku huku mlimani, lakini alikuwa ametoka kusoma Roma na Roma ilikuwa bado haijamtoka. Alikunywa kahawa kwenye kikombe kidogo kama cha kuchezea watoto, bila maziwa, na waumini wake, ambao wamelima kahawa vizazi na vizazi na maishani mwao hunywa chai, walimwonea huruma wakidhani ni masharti ya daktari. Alikuja nyumbani akiwa amebeba boksi la viatu kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu aliyebeba mayai.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina, Padri. Karibu."

Ndani ya boksi, zimeviringishwa kwenye magazeti, zilikuwa sanamu za Noeli alizonunua huko: Bikira Maria, Yosefu, Mtoto, wachungaji watatu, ng'ombe na punda. Bikira Maria alikuwa na urefu wa shubiri moja. Sikuwa nimewahi kuona kitu kidogo kilichochongwa kwa uangalifu namna ile. Mchungaji mmoja alikuwa na kiraka kwenye goti la suruali, na kiraka kilikuwa na mishono. Sanamu zetu za zamani zilikuwa za plastiki, na kondoo mmoja alikuwa anasimamishwa kwa njiti za kiberiti.

"Sasa," Padri akasema, "mwaka huu sitaki lile pango la Noeli la magunia na majani ya migomba. Nataka magofu."

"Magofu ya nini, Padri?"

Akatoa kadi. Kwenye picha, Mtoto alikuwa amelala kati ya nguzo ndefu za mawe, zenye mifereji iliyoteremka kutoka juu hadi chini na majani yaliyochongwa kichwani. Karibu zote zilikuwa zimevunjika. Nyingine zilisimama nusu, nyingine zimelala chini, na nyasi zimeota juu yake. Padri alinieleza kwamba kule mafundi huwatengenezea watu mapango ya namna hiyo, ili kuonyesha kwamba Bwana alizaliwa katika dunia ambayo fahari yake imeshaanguka.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na kibuyu cha maziwa. Aliitazama ile kadi kwa muda.

"Yaani Padri," akasema kwa heshima zote, "huko Roma hawakuweza kumtafutia hata nyumba nzima?"

Padri alicheka, mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria nguzo hizo nitazitengeneza kwa kitu gani.

Nguzo ya kwanza nilijaribu kwa gunzi la muhindi, ikawa gunzi la muhindi lililopakwa rangi. Ya pili nilichonga kwa mgomba, ikanyauka siku ya tatu na kuinama kama mlevi. Ndipo nikagundua siri ambayo mpaka leo naiona ni ya werevu kuliko yote niliyowahi kufanya. Madukani Moshi, kwa sababu ya redio na televisheni zilizokuwa zikiingia kwa wingi, maboksi yalikuwa yamejaa kila kona. Boksi gumu ukililowesha maji kidogo na kubandua karatasi ya juu, ndani unakuta mikunjo, mfereji baada ya mfereji, imenyooka kuliko mkono wa binadamu unavyoweza kuichora. Nikaomba kwa muuza vitenge yale mabomba ya karatasi ngumu ambayo vitambaa huviringishiwa. Nikayakata, nikayazungushia boksi lililobanduliwa, mikunjo ikitazama nje. Nikarudi nyuma hatua mbili. Ilikuwa nguzo ya Roma, pale pale kwenye kibanda cha mbuzi.

Majani ya kichwani yalinisumbua. Kwenye kadi yalikuwa madogo, nami sikujua ni mmea gani, nikaamua ni kabichi. Nilichonga kabichi sita nzuri sana kwa lile povu gumu jeupe linalokuja limeishikilia televisheni ndani ya boksi. Padri alipokuja kukagua, alizitazama kwa upole, akauliza kama kijiji hiki kinafikiri Warumi walikuwa wauza mboga. Nikazichonga upya, majani yenye ncha ncha, kwa spoku ya baiskeli niliyoipasha moto kwenye mkaa. Ilitoa moshi unaonuka vibaya hadi mbuzi akahama.

Lakini boksi ni boksi, hata likiwa na mikunjo. Lilihitaji ngozi ya jiwe. Nilijaribu chokaa, ikapukutika. Nilijaribu udongo, ukapasuka. Nami nilijua kabisa ni kitu gani kingefaa, na kilikuwa wapi. Mfuko wa kaka ulikuwa stoo, umesimama wima juu ya ubao, haujaguswa. Nilijiambia nitachota vikombe viwili tu. Niliukata pembeni kwa kisu, nikachota vikombe viwili, nikachekecha mchanga, nikakoroga uji mwembamba wa saruji, nikaupaka kwa brashi ya bango. Ulipokauka niligonga nguzo kwa ukucha. Ilinijibu kama jiwe. Sikumbuki kama niliufunga tena ule mfuko. Hapana, nakumbuka. Sikuufunga.

Halafu ikaja sehemu ya kuvunja, ambayo ndiyo kazi yenyewe. Ukikata nguzo kwa msumeno inaonekana imekatwa kwa msumeno. Lazima uishike kwa mikono miwili, uichape kwenye pembe ya jiwe, ukubali inavyotaka kuvunjika. Nilitengeneza nguzo kumi na tatu nzima ili nipate tisa zilizovunjika vizuri. Vipande vidogo niliviokota kimoja kimoja nikavipanga chini ya nguzo vilikotoka. Nilizipaka maji ya chai kavu, kisha masizi ya jikoni kwenye mifereji, kisha nikabandika kuvumwani, ule utando wa kijani, niliyobandua kwenye mawe ya mfongo, ule mfereji wetu unaoleta maji kutoka juu mlimani. Ubao wa mringaringa ukawa uwanja. Nguzo ndefu kuliko zote ilitoka kwenye kiwiko changu hadi ncha za vidole, na ilikuwa imevunjikia mabegani.

Mama aliingia kibandani mchana mmoja nikiwa nimepiga magoti, nimekaza macho, nikimwekea mchungaji jiwe la kukalia. Alizunguka ubao polepole. Akahesabu nguzo kwa kidole.

"Tisa," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Zote mbovu."

"Ndiyo maana yake, mama. Padri anasema gofu zuri linaonyesha kwamba kuna watu waliwahi kulijali."

"Na ile ya barazani?"

"Kesho, mama. Nikimaliza hapa."

Alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda. Kisha akainama, akamsogeza punda kidogo ili asimkanyage mchungaji, akatoka. Kusema kweli alimweka mahali pazuri zaidi.

Tarehe ishirini na tatu tuliubeba ubao kanisani, mimi na Padri, mmoja akitembea kinyumenyume kwenye utelezi na sote tukisali kwa sauti. Tuliuweka mbele, pembeni ya altare, kwenye kona inayopata mwanga wa dirisha. Padri akasema, "Aika, mbe," yaani asante bwana kwa Kichagga, kitu ambacho hakuwa na kawaida ya kukifanya kanisani, na nikaona macho yake yamelowa. Nilifurahi kupita kiasi. Nilipanda njia nzima nikiongea peke yangu, na nilipofika nyumbani niliipita nguzo ya barazani bila kuitazama.

Siku iliyofuata ilikuwa zamu ya akina mama wa jumuiya kusafisha kanisa kwa ajili ya Noeli. Hapa lazima nieleze kitu kuhusu mlima wetu. Desemba watu wote wanarudi nyumbani. Wanatoka Dar, Mwanza, Nairobi, na magari na watoto wanaoogopa ng'ombe. Basi kuanzia mwanzoni mwa mwezi kila nyumba inapakwa chokaa, kila ua unafagiliwa, kila geti lililolegea linapigwa msumari, kwa sababu hakuna aibu kubwa kama mgeni wa Noeli kukukuta na kitu kilichovunjika mbele ya nyumba. Hata mwenye shida hubandika bati moja jipya upande unaoonekana. Akina mama hao ndio walioingia kanisani na mafagio yao, na hapo mbele, karibu kabisa na altare, wakakuta nyumba ya Mwokozi imeporomoka.

Asubuhi ya Noeli niliwahi, nimevaa suruali ya mtumba iliyopigwa pasi mpaka ikawa na makali, nikakaa benchi la pili ili nione watu watakavyoshangaa. Nilitazama kwenye kona. Nikatazama tena.

Nguzo zangu tisa zilikuwa zimesimama. Zote. Walikuwa wamezipanga safu mbili zilizonyooka, kama geti la mtu mwenye uwezo. Zilizokuwa zimelala walikuwa wameziinua. Vipande walikuwa wameviunganisha kwa gundi ya uji wa ngano, na palipopungua kipande walikuwa wamekandika udongo. Nguzo moja ilikuwa na kichwa juu na kichwa kingine chini. Kuvumwani zote zilikuwa zimesuguliwa kwa brashi na sabuni ya unga, kisha juu yake ikapita chokaa, mara mbili, nyeupe pee. Kila nguzo ilikuwa imefungwa utepe wa njano. Vifusi vyangu, ambavyo nilivipanga kimoja kimoja kwa siku tatu, vilikuwa vimefagiliwa na kutupwa. Yosefu walikuwa wamemhamishia mlangoni mwa safu hizo, mkono wake umenyooka mbele, anawakaribisha wageni.

Masikio yangu yalipata moto. Nilitaka kulia na nilitaka kupiga mtu, na vyote viwili havifai kwenye Misa ya Noeli. Nyuma yangu nilisikia mama mmoja akimnong'oneza mwenzake kwamba mwaka huu pango limependeza, lakini ungeona jana lilivyokuwa, lilivunjika lote njiani wakati wa kulibeba, masikini yule kijana.

Padri aliingia na watumishi wake na ubani. Alipofika mbele alisimama. Alisimama muda mrefu hivi kwamba kwaya ilimaliza wimbo na ikabidi wauanze tena. Nilimwona anayatazama yale matarajio yake yote ya Roma yakiwa yamefungwa utepe. Kwenye mahubiri alisema: "Nilikuwa nimepanga niwaonyeshe leo dunia iliyoanguka. Akina mama wa jumuiya wamekataa." Kanisa zima likapiga vigelegele, kwa sababu walidhani anawapongeza, na nadhani mwishoni naye alikuwa anawapongeza.

Nje, baada ya Misa, nilimkuta mama chini ya mgrivelia akipokea sifa.

"Mama," nikamwambia, "wewe ulijua. Uliziona kibandani. Kwa nini hukuwaambia?"

Alinishika mkono akanivuta pembeni, mbali na wenzake.

"Walinifuata," akasema kwa sauti ya chini. "Wakaniambia, mama fulani, pole, kazi ya mwanao imevunjikia njiani, tufanyeje? Ulitaka niwajibu nini? Niwaambie hapana, mwanangu amezivunja mwenyewe kwa mikono yake? Hawa wanapita mbele ya baraza langu kila siku. Wangesema basi ndiyo kazi aliyosomea." Akanifuta vumbi begani ambalo halikuwepo. "Nikasema ndiyo, zimevunjikia njiani. Tukazitengeneza."

Niliona aibu, aibu ya kweli, na hasira yangu yote ya msanii ikaniacha nimesimama na suruali yangu yenye makali.

Hapo hapo mkono mzito ukanipiga mgongoni. Alikuwa kaka. Gari lilikuwa limemharibikia Korogwe, amelala njiani, akaja moja kwa moja kanisani na kukaa benchi la nyuma kabisa.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, bwana mdogo! Nimeona nguzo zako pale mbele. Padri kanitajia ni wewe. Aisee, zimenyooka! Nyeupe, imara, mstari mmoja." Akamgeukia mama, uso umejaa furaha. "Mama, mimi nilikuwa na wasiwasi bure. Kama kanisani kafanya hivi, nyumbani si itakuwa ikulu!"

Mama alisema, "Twende tukale."

Kutoka kanisani hadi kwetu ni kupanda, na siku zote naona ni karibu. Siku hiyo niliomba iwe mbali. Kaka alisimulia njia nzima kuhusu bei za vitu Dar, huku akisalimia watu. Alipoingia getini aliacha kuongea. Gogo la mkaratusi lilikuwa pale pale. Lilikuwa limeanza hata kuchipua majani.

Hakunifokea. Ningependa angenifokea. Aliuliza tu, "Saruji iko wapi?"

Nikampeleka stoo. Mfuko ulikuwa umesimama wima juu ya ubao wake, umbo lake lile lile, na pembeni tundu nililolikata kwa kisu. Ukungu na mvua za Desemba zilikuwa zimeingia humo kwa muda wao wote. Kaka aliupiga teke kuutikisa, akaruka kwa mguu mmoja akishika kidole. Ulikuwa jiwe moja zima, lenye maandishi ya kiwanda. Siku nyingine ningecheka.

Alirudi barazani akichechemea. Mama alikuwa ameshaketi kwenye kigoda, kanga juu ya gauni la Noeli, anamenya ndizi za kupika machalari.

"Mama, nimesema na narudia," kaka akasema. "Fungasha vitu vyako. Keshokutwa tunaondoka wote. Sitaki kuja kupigiwa simu kwamba nyumba imekuangukia."

Mama hakuinua uso. "Mimi si mwenye nyumba hii," akajibu. "Baba yenu aliacha neno, na ninyi mnalijua. Mwenye nyumba ni huyo mdogo wako. Akisema niende, nitakwenda. Akisema nibaki, nitabaki. Muulize yeye."

Kaka akanigeukia. Nilimtazama mama, nikaona kisu kimesimama katikati ya ndizi. Mama yangu alizoea kumenya ndizi huku akiongea, akigombana, akisali rozari. Sikuwa nimewahi kukiona kisu hicho kikisimama. Ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa anaogopa, na kwamba aliyekuwa anamwogopa ni mimi.

"Anabaki," nikasema.

"Anabaki wapi? Chini ya gogo?"

"Chumba cha nyuma."

"Chumba cha nyuma si unalala wewe?"

"Mimi nahamia cha mbele. Kuanzia leo."

Kaka alinitazama, akaitazama boriti, akacheka kicheko kifupi cha kutoamini. "Wewe? Wewe ambaye panya akipita darini unakwenda kulala jikoni?"

"Kuanzia leo," nikarudia, ingawa sauti ilikuwa imenipungua.

Kisu kikaanza tena kumenya.

"Basi," mama akasema, "sasa itajengwa upesi."

Tulihamisha vitanda kabla ya chakula, mimi na kaka. Aliondoka baada ya siku nne, peke yake, na kabla ya kupanda gari aliisukuma ile nguzo kwa kiganja, akatikisa kichwa, akaniambia nilale salama. Sikulala salama. Boriti ile ilikuwa na sauti yake kwa kila upepo, na mimi nilizijua zote kufikia Mwaka Mpya. Siku maduka yalipofunguliwa nilikuwa wa kwanza Kiboriloni, nikabeba mfuko wa saruji kichwani mwenyewe. Sikuhitaji kadi wala picha. Nilibomoa nguzo ya baba tofali kwa tofali, nikachimba msingi hadi kwenye mwamba, nikaijenga upya, na kabla ya sikukuu ya Mamajusi ilikuwa imesimama.

Mama akarudi chumba chake cha mbele, akalala humo miaka kumi na minne mingine, akiwasikiliza wapita njia, mpaka tulipomzika kando ya baba. Kila mgeni wa Desemba aliyeisifu ile nguzo na kumwambia kwamba amebarikiwa mtoto mwenye upendo, alimjibu kwamba ni kweli. Alijua vizuri sana kwamba niliijenga kwa woga wa kuangukiwa. Hakumwambia mtu.